Neti Chini ya Shanga

Fundi Urbano hakuwa mtu wa maneno mengi, na hata hayo machache aliyasema akiwa na pini mdomoni. Waliopita barazani kwake, mtaa wa Majengo mjini Sumbawanga, walizoea kuona kisogo chake tu kimeinama juu ya cherehani ya miguu. Ukimsalimu anaitika. Ukimsifia kazi yake anainama zaidi.

Alimaliza darasa la saba katika shule ya kijiji upande wa Namanyere, na Kiswahili alikiandika kwa mwandiko ulionyooka kama mshono wake. Kiingereza ndicho kilichompita. Miaka thelathini na zaidi alikuwa akiificha aibu hiyo kwa njia moja: karatasi ya Kiingereza ikifika mbele yake, anapapasa mfuko wa shati, anasema miwani ameisahau nyumbani. Miwani hakuwa nayo. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, anatunga uzi kwenye sindano nyembamba bila kukunja uso. Aliyejua siri hiyo ni mkewe Coleta, naye hakuwahi kuisema mbele za watu.

Sifa Urbano aliipata kwa shanga. Kulikuwa na mikanda ya urembo ambayo wafanyabiashara wa upande wa Zambia waliagiza kutoka ng'ambo: shanga ndogo za kioo zimepangwa maua maua, zimeshonewa juu ya neti nyembamba. Mafundi wengine waliubandika mkanda kwenye gauni na neti yake, kazi ikaisha. Urbano hakufanya hivyo hata siku moja. Nguo ya huku hufuliwa kwa nguvu na huanikwa penye upepo, na neti haimalizi mwaka kabla ya kuchanika na kumwaga shanga chini. Kwa hiyo yeye alifumua shanga zote, akazitunga upya kwenye uzi wa nailoni, halafu akazishona moja moja kwenye nguo yenyewe. Bibi arusi aliyevaa gauni la Urbano aliweza kumpa binti yake alivae. Neti iliyobaki aliitupa. Kwake ilikuwa kama ganda la muhindi. Hakuna anayelihesabu ganda anapotaja chakula alichonacho.

Mwaka huo kigango chao cha Kikatoliki kilikuwa kimepata neema kubwa. Shemasi Zenon, kijana aliyekulia palepale, angepewa upadre mwezi wa Julai, na Jumapili inayofuata angesoma misa yake ya kwanza nyumbani. Kasula, vazi la juu la padre, ya misa hiyo ingetolewa na kigango. Mama Gaudiosa, muuza maharage mwenye sauti inayofika hadi sokoni, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mavazi. Alifika barazani na wenzake wawili wakiwa wamejifunga vitenge vya sare.

"Fundi, tumekubaliana ni wewe," alisema. "Na tunataka shanga. Siyo zile za kubandika kwa gundi. Tunataka hizo zako, watu wa ziwani, wa Wampembe na Kipili, wakija waone kwamba na sisi huku juu tuna mafundi."

Urbano alitoa pini mdomoni. "Itabidi nivuke mpaka mwenyewe nikachague."

"Vuka. Hela ya safari hii hapa. Ila usilale huko, tusije tukaambiwa umeoa."

Akina mama wakacheka. Urbano naye alicheka, akiangalia chini.

Alivuka, akachagua mikanda myeupe yenye shanga za dhahabu, kiasi cha kutosha msalaba wa mbele, wa nyuma, na ukosi. Mfanyabiashara akamwandikia ankara haraka haraka kwa Kiingereza, mwandiko wa kukimbia. Urbano aliifunga mikanda ndani ya kiroba, akakishona mdomo kwa sindano kubwa, mshono mzuri, maana hakujua kushona vibaya.

Alasiri alikuwa kwenye dirisha la forodha upande wa nyumbani. Nyuma yake walijipanga watu kumi na kitu, wengi wao madereva na wachuuzi waliokuwa wakilitazama jua. Dirishani alikaa binti wa miaka ishirini na kitu, jina lake Lydia, mgeni katika kituo hicho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Lydia aliitandaza ankara, akafuata maandishi kwa kidole. "Hapa wameandika shanga za nguo. Halafu kuna maneno mengine mwishoni, mwandiko mbaya, siyaelewi." Akaigeuza karatasi imwelekee Urbano. "Wewe unayasoma vipi?"

Urbano alipapasa mfuko wa shati. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Miwani nimeisahau."

"Jaribu tu, baba. Pengine utayatambua."

Aliinamia karatasi. Aliitazama muda mrefu, akasogeza midomo kidogo kama mtu anayesoma. Maneno yale yalikuwa mikwaruzo mitupu. Nyuma yake dereva mmoja aligonga ukuta kwa funguo. "Mzee, hiyo ni ankara au barua ya mchumba?"

Watu wakacheka. Masikio ya Urbano yakapata moto.

"Ni shanga," alisema. "Shanga tu."

"Shanga zenyewe, au zimeshonewa kwenye kitambaa?" Lydia aliuliza. "Nauliza kwa sababu ni mafungu mawili ya ushuru. Shanga za kioo zilizotungwa zina fungu lake. Zikishakuwa juu ya kitambaa ni tarizi, zinaingia fungu la nguo, na ushuru wake ni mkubwa zaidi."

Urbano alitoa daftari lake la vipimo. Katikati ya kurasa alikuwa na tabia ya kubandika sampuli za kazi zake, na hapo palikuwa na kipande cha shanga za dhahabu alizozitunga mwaka jana kwenye uzi wa nailoni.

"Ziko hivi," alisema.

Lydia alikigeuza kipande, akakitazama kwenye mwanga. "Hakuna kitambaa chochote?"

Sasa, hapa ndipo jambo zima lilipo. Kwa kitambo kidogo, kama mtu anavyoona panya akipita pembeni mwa macho, Urbano aliiona ile neti. Aliiona, na angeweza kusema. Lakini angesema neti, swali lingerudi kwenye karatasi, kwamba mbona umejifanya unaisoma. Na dereva mwenye funguo alikuwa amesogea, anachungulia begani kwake.

"Hakuna," alisema.

"Nifungue kiroba?" Lydia aliuliza, akatazama foleni. Foleni ikaguna. Akaurudisha uso kwa Urbano, akatabasamu. "Basi. Wewe ndiye fundi, nakuamini."

Akaandika, akagonga muhuri.

Sumbawanga alipokelewa kwa vigelegele. Mama Gaudiosa alikishika kiroba kama anampokea mtoto mchanga, na aliposikia ushuru ulikuwa mdogo akapiga makofi.

"Mmeona? Mtu mkimya ndiyo mtu. Wenzake wanarudi wanalia, yeye amewapiga chenga huko huko."

"Walimuuliza, naye kama kawaida yake hakujibu," alisema mwenzake. "Wakachoka, wakamwacha apite."

Wakacheka hadi wakajifuta machozi. Urbano alisimama mlangoni, mikono haina pa kukaa. Kusifiwa kwa kazi kulimtia haya siku zote. Aliposifiwa kwa hili aliwapa kisogo, akaanza kupanga nyuzi zilizokwisha kupangwa.

Asubuhi iliyofuata alikata mshono wa kiroba, akatandaza mkanda wa kwanza mezani, na neti ikalala pale chini ya shanga, nyeupe, pana kama viganja viwili, haina mahali pa kujificha. Alianza kufumua. Kila shanga ilipotoka, neti ilibaki na kitundu. Zamani angeikunja, akaitupa kwenye kapu la vikorokoro. Siku hiyo aliiweka kando. Siku ya pili pia. Ya tatu, kwenye kiti cha wateja palikuwa na rundo la neti tupu, na wateja wakaanza kusimama.

Coleta alileta chai, akalitazama rundo.

"Baba Agnesi, hizi neti unazifuga?"

"Nitazitupa."

"Ulisema hivyo juzi." Akakaa kwenye kigoda. "Tangu urudi huli. Jana nimekupikia samaki wa mgebuka, umemchokonoa kama mwenye jino bovu. Nini kimetokea huko?"

Alimweleza, macho yake yakiwa kwenye sindano. Ilichukua muda, maana kila akifika kwenye karatasi alirudi nyuma akaanza upya.

"Kwa hiyo uliisoma," Coleta alisema.

"Niliitazama."

"Ulimwambia umeisoma."

"Sikusema nimesoma. Nilisema shanga."

"Baba Agnesi."

Akatunga uzi mpya. Upepo ulikuwa ukiburuta kopo barabarani.

"Yule binti alisema ananiamini," alisema mwishowe. "Alinisalimu vizuri, akaniuliza mara mbili. Mama Agnesi, nimemdanganya mtoto wa watu kwa sababu ya dereva mwenye funguo."

"Na Zenon utamvalisha hii?"

Hilo ndilo swali lililokuwa likimtafuna. Padre mpya angesimama altareni, angenyoosha mikono juu ya hosti kwa mara ya kwanza mbele ya mama yake, na kifuani angekuwa na msalaba uliopita mpakani kwa uongo wa Urbano. Hakuna ambaye angejua. Lakini yeye angekaa benchi lake la kila siku, akiutazama.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Mama Gaudiosa. Alimkuta uani anapepeta maharage.

"Mama mwenyekiti, zile shanga inabidi nizirudishe mpakani. Nilisema vibaya. Ushuru wake siyo ule."

Ungo ulisimama. "Nani amekuja kudai?"

"Hakuna aliyekuja."

"Basi?"

"Nilisema hazina kitambaa. Zina neti."

"Neti." Mama Gaudiosa aliangua kicheko kifupi. "Fundi, hiyo neti si unaitupa mwenyewe? Kitu unachokitupa kwenye jalala, unataka kukilipia ushuru?"

Ndivyo hasa Urbano alivyokuwa amejiambia njiani kutoka mpakani.

"Zimebaki siku kumi na moja," mama aliendelea, na sasa hakuwa akicheka. "Ukizipeleka huko watazishika. Zenon avae nini? Tumeshawaambia watu wa Wampembe kuna kasula ya shanga. Tumetamba, fundi. Unataka tuaibike parokia nzima kwa sababu wewe unawashwa?"

"Mimi ndiye niliyesema vibaya."

"Basi kaungame kwa padre, yaishe. Maungamo yapo kwa ajili hiyo."

Urbano aliona aibu mbili, ya kigango na ya kwake, zimesimama kama milango miwili, na lazima atokee kwenye mmojawapo. Alisema ahsante, ingawa hapakuwa na cha kushukuru, akaondoka.

Kesho yake alirudisha kila kitu ndani ya kiroba: mikanda mizima mitatu, shanga alizokwisha kufumua ndani ya pakiti, na rundo lote la neti. Mshono wa shubiri moja aliokuwa amekwisha kuushona kifuani mwa kasula aliufumua pia. Satini ikabaki na vitundu vidogo kama chumvi iliyomwagika.

Foleni ya siku hiyo ilikuwa fupi zaidi, ila haikukosa watu. Lydia alimkumbuka mara moja.

"Shikamoo fundi. Umerudi tena? Shanga hazikutosha?"

"Marahaba. Nimezirudisha."

Hakujua pa kuanzia, basi alianza na mikono. Alitandaza mkanda mzima dirishani. Pembeni akaweka neti tupu, na juu yake akamwaga shanga kiganja kimoja. Lydia alivitazama vyote vitatu. Tabasamu likamtoka polepole.

"Ulinionyesha kipande kwenye daftari."

"Kile nilikitunga mimi mwenyewe nyumbani. Neti huwa ninaitoa. Nimezoea kuitoa mpaka nimeacha kuiona."

"Lakini nilikuuliza kama kuna kitambaa."

"Uliniuliza."

"Na karatasi uliisoma."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, amebeba ndoo ya dagaa, alikuwa amenyamaza ili asikie vizuri. Mkono wa Urbano ulikwenda mfukoni, ukafika, ukakuta shati tu. Akaushusha.

"Sikuisoma," alisema. "Sina miwani, sijawahi kuwa nayo. Kiingereza sijui. Niliona aibu nikakaa kimya, halafu nikaona aibu zaidi nikasema hakuna."

Ilikuwa ni mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwake nje ya nyumba yake. Hayakumpunguzia kitu. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa shati sokoni.

Lydia hakumkaripia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliinamisha kichwa akayagusa yale maneno ya mwisho kwenye nakala ya ankara. "Ndiyo maana. Hapa ameandika 'juu ya neti'. Sasa nikishajua ndiyo ninayaona." Akashusha pumzi. "Na mimi nilitakiwa kufungua kiroba. Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, foleni ikanitisha. Mkubwa wangu ataniuliza, na ni haki yake."

"Nitamwambia ni mimi."

"Utaandika. Kwa Kiswahili, baba, usiogope."

Akamsukumia karatasi. Urbano aliandika yote, mstari mmoja mmoja, kwa ule mwandiko wake ulionyooka. Kisha akaweka kalamu chini, akauliza.

"Na hizi nilizokwisha kufumua? Hizi sasa ni shanga tupu kweli."

"Mzigo unahesabiwa jinsi ulivyokuwa ulipovuka," Lydia alisema. "Siyo jinsi fundi atakavyoufanya akifika kwake. Ulivuka ukiwa tarizi, kwa hiyo ni tarizi, hata kama umemwaga shanga zote kwenye bakuli." Alisema kwa upole, kama mwalimu kwa mtoto asiye mtundu. "Vyote vinabaki hapa mpaka mkubwa wangu aamue. Kuna tofauti ya ushuru, na pengine faini. Itachukua wiki mbili, tatu."

"Misa ni Jumapili ya wiki ijayo."

"Pole, baba."

Mwenye dagaa alipopewa nafasi alimtazama Urbano kutoka kichwani hadi viatuni, akasema, "Mzee mzima," na hakumalizia.

Kasula Urbano aliimaliza. Pale palipotakiwa msalaba wa shanga aliweka msalaba wa satini ya dhahabu, mshono safi, bila pambo lolote. Mama Gaudiosa alikuja kuichukua, akaikunja bila kuikagua, akaondoka bila kuaga. Hakumsalimu hadi siku ya misa, na kwa Mama Gaudiosa kunyamaza huko ilikuwa kazi ngumu kuliko kupepeta gunia zima.

Siku ya misa watu walijaa hadi nje. Kwaya iliimba vizuri. Padre Zenon alinyoosha mikono, sauti yake ikatetemeka kidogo mahali pa mageuzo ya mkate na divai, na mama yake akalia kama akina mama wote. Urbano alikuwa benchi lake. Kutoka pale alipokaa aliviona vile vitundu vya sindano pembeni mwa msalaba, ambavyo huenda havikuonekana na mtu mwingine yeyote, na hakuondoa macho hapo mpaka baraka ya mwisho.

Baada ya misa kulikuwa na chakula uwanjani: ugali wa ulezi, kuku, maharage. Urbano alitafuta kona karibu na ukuta. Kundi la akina mama waliotoka Wampembe walikuwa wakimzunguka Mama Gaudiosa, na mmoja wao, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ziwani, aliuliza kwa nguvu.

"Dada, zile shanga mlizotutambia ziko wapi? Au ndiyo zile zinazoonekana kwa wenye imani tu?"

Kicheko kikazunguka meza nzima. Mama Gaudiosa angeweza kusema zimechelewa. Angeweza kuwalaumu watu wa mpakani, na wote wangeitikia, maana kulaumu watu wa mpakani hakumgharimu mtu. Badala yake aligeuka akamtafuta Urbano kwa macho, akamwona ukutani.

"Fundi yule pale. Muulizeni mwenyewe."

Nyuso zote zikageuka. Coleta, aliyekuwa anagawa maji, akasimama na jagi mkononi. Urbano alikuwa na tonge mkononi, na tonge hilo hakujua alipeleke wapi. Akalirudisha kwenye sahani, akasimama.

"Shanga zipo mpakani," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, wakamwambia apaze. Akapaza. "Nilipovuka nazo mara ya kwanza niliulizwa zikoje, nikadanganya. Nilipewa karatasi ya Kiingereza nikajifanya naisoma. Siijui lugha hiyo. Nikarudi nikasema kweli, wakazishika. Ndiyo maana Padre hana shanga. Siyo kosa la kamati."

Mtu mmoja alicheka, akaona hakuna anayemfuata, akakatisha. Wazee wawili wakatazamana. Yule mama wa Wampembe alikaa na mdomo wazi kidogo, halafu akainamia sahani yake. Uso ulimwaka Urbano kama amekaa karibu mno na jiko.

Mama Gaudiosa alichukua sahani ya kuku mezani, akaja nayo hadi ukutani, akaitua mbele yake bila kumtazama.

"Kula," alisema. "Na kesho uje nyumbani. Kuna fomu za kikundi changu cha maharage zimeletwa kwa Kiingereza, na mimi mwenyewe sizielewi. Tutatafuta mtu wa kutusomea wote wawili."

Akaondoka. Urbano alikaa. Watu walirejea kwenye mazungumzo yao, ila mara kwa mara jicho moja moja lilikuwa likija kumtazama. Alichukua lile tonge. Lilikuwa limepoa. Alilila hivyo hivyo, kichwa kimeinama, mpaka likaisha.